Kuachana Salama Angani

Jioni ya 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikateremka hadi Buhene, ukingoni mwa Goma. Siku 5 baadaye gavana aliamuru wakazi wa mitaa 10 wahame, kwa kuwa vipimo vilionyesha magma imejipenyeza chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Mbali na mitambo ya kupima matetemeko, ushahidi ulitoka kwenye rada za setilaiti, zikiwemo Sentinel-1A na Sentinel-1B za Ulaya, zinazotambua ardhi iliyosogea kwa sentimita chache.

Sentinel-1A iliachana na roketi yake dakika 23 baada ya kuruka kutoka Kourou, 3 Aprili 2014. Hata siku 2 hazijatimia, waongozaji wake wakagundua kwamba ACRIMSAT, setilaiti ya Marekani iliyokwisha kufa, ingepita karibu nayo mno. Wakawasha injini zake ndogo, ikakwepa.

Hatari ya kugongana ipo hata vyombo viwili vinapoachana angani: vyote vinakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, katika njia karibu ileile. Springi husukuma kimoja taratibu tu, na hapo mwelekeo ndio wenye uzito. Chombo kikisukumwa juu au chini moja kwa moja, kikimaliza mzunguko mmoja, yaani dakika 90 hivi, hurudi pale pale kilipo chenzake. Kikisukumwa nyuma, hushuka kwenye njia fupi zaidi, kikatangulia, na nafasi kati yao ikazidi kupanuka kila mzunguko.

Afrika Mashariki inaifahamu kazi hii ya kuachanisha vyombo angani tangu 1967, Waitaliano walipoanza kurusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini mkabala na Ngomeni, Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Scout ilipeleka kutoka hapo setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani iliyotengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksi. Scout ilikuwa na vipande 4, na kila kilichokwisha kuungua kilipaswa kujitenga bila kukigusa kilichofuata. Hatari hiyo ni ya kweli: Agosti 2008 kipande cha kwanza cha Falcon 1 kilibaki na msukumo kidogo, kikagonga cha pili, na safari ikaishia hapo.

Congo nayo ilijaribu. Roketi za kampuni ya Kijerumani ya OTRAG zilirushwa katika jimbo la Shaba mwaka 1977 na 1978, lakini hazikufika hatua ya kuachia setilaiti.

Majirani wamefika. Setilaiti ndogo ya Kenya, 1KUNS-PF, iliachiwa 11 Mei 2018, na PearlAfricaSat-1 ya Uganda 2 Desemba 2022, zote kutoka Kibo, maabara ya Japani kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Zilisukumwa kwa mshazari, nyuma na chini, zisije zikawarudia wanaanga.

Sentinel-1B iliacha kutuma picha Desemba 2021, miezi 7 tu baada ya mlipuko ule. Mji ulio chini ya volkano hai hauwezi kutegemea macho ya wengine peke yake. Vyuo vikuu vya Goma vianze kufundisha elimu hii ya kuachia setilaiti sasa.