Maktaba ya sauti za waimbaji

Maktaba ya sauti za waimbaji ni mkusanyo wa sauti za binadamu zilizorekodiwa moja moja na kupangwa katika programu ya kompyuta, ili mtunzi wa muziki azipige kwa kibodi kama apigavyo kinanda. Kila rekodi fupi huitwa sampuli. Mwimbaji huimba irabu au silabi ileile katika nota nyingi, kwa nguvu na kwa upole. Mtunzi akibonyeza nota, programu huchagua sampuli inayofaa.

Historia

Wazo hili lilitangulia kompyuta za nyumbani. Mellotron, kinanda kilichotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1963, kilikuwa na utepe wa sumaku kwa kila kibao. Baada ya sekunde 8 hivi utepe uliisha na sauti ikakatika. Mwaka 2004 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa Vocaloid, inayounganisha vipande vya sauti kuwa maneno. UTAU ya mwaka 2008, isiyolipiwa, humruhusu mtumiaji kurekodi sauti yake mwenyewe, silabi kwa silabi.

Kuijaribu kwa Kiswahili

Kiswahili kina irabu tano tu na silabi zake nyingi huishia kwa irabu, hivyo kinaafiki mpango wa silabi kuliko Kiingereza. Ugumu uko kwenye konsonanti. Maktaba iliyorekodiwa kwa maneno ya Kilatini haina ng' ya "ng'ombe" mwanzoni mwa silabi, wala gh ya "ghafla". Tena m ya "mtoto" ni silabi kamili inayodai nota yake. Maktaba yenye irabu peke yake huimeza. Kwa sababu hiyo jaribio la "aa" na "oo" halitoshi, hata likipendeza masikioni. Mkazo nao, ambao kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, unapaswa kuangukia pigo zito.

Kipare (Chasu), lugha ya wilaya za Same na Mwanga, kina jambo la ziada: ni lugha ya toni, na programu haijui kama melodia inapanda mahali ambapo neno linashuka. Hilo huamuliwa na sikio la mtunzi.

Mtunzi wa kwaya aliye mbali na studio, tuseme Bendera wilayani Same, anaweza kusikiliza soprano, alto, teno na besi kwa pamoja kabla ya kuwafundisha waimbaji, na kugundua mapema nota ambayo besi hawataifikia. Hata hivyo, kompyuta haiishiwi pumzi. Kifungu kirefu kinachosikika vizuri humo kinaweza kuwashinda watu.

Wimbo "Baba Yetu" wa Mmarekani Christopher Tin, uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa mwaka 2005 na kushinda tuzo ya Grammy mwaka 2011, uliimbwa na waimbaji halisi.

Haki za waimbaji

Kwa kawaida leseni humruhusu mnunuzi kutumia sampuli katika nyimbo zake, si kuziuza upya kama sampuli. Suala zito zaidi ni la mwenye sauti: akisharekodiwa mara moja, anaweza "kuimba" maneno asiyoyajua. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia haki za waimbaji, kwa hiyo anayerekodi kwaya ili kutengeneza maktaba anahitaji idhini yao kwanza.