Karani mlangoni, Gongo la Mboto

Agosti 2022 karani wa sensa alipiga hodi uani kwetu, Gongo la Mboto. Aliongozana na mjumbe, kavaa kizibao, kishikwambi mkononi. Swali la msingi lilikuwa moja nchi nzima: ni nani waliolala katika kaya hii usiku wa kuamkia tarehe 23? Majibu yalipojumlishwa, Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120, na Mkoa wa Dar es Salaam peke yake 5,383,728.

Bibi zetu wa Kizaramo, wenyeji wa ardhi hii hadi Pugu na Kisarawe, mgeni wa namna hiyo wangemwogopa. Kwao kuhesabiwa kulikuwa mlango wa kutozwa. Mjerumani alileta kodi ya kibanda, Mwingereza akaiendeleza, na aliyekuja kuhesabu vibanda leo ndiye aliyerudi kesho kudai fedha. Takwimu zilizokusanywa hivyo zilikuwa na kasoro tangu mwanzo, kwa sababu mwenye kuulizwa alikuwa na kila sababu ya kuficha.

Mwaka 1948 nchi za Afrika Mashariki zikahesabiwa pamoja, na tarehe 26 Agosti 1967 ikafanyika sensa ya kwanza baada ya uhuru: watu milioni 12.3. Sensa hiyo iliuliza dini, zilizofuata hazikuuliza. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walisusia kuhesabiwa, wakitaka swali hilo lirudishwe. Kumbe hata swali lisiloulizwa lina uzito.

Lakini sura ninayoithamini kuliko zote katika historia hii haihusu sensa. Kati ya 1965 na 1970 mtafiti wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, aliishi Bunju, wakati huo kijiji cha Wazaramo kaskazini mwa jiji. Alitaka kuelewa mila na ibada zao, na hayo hayajazwi kwenye visanduku. Ukitaka kujua mwali anafundishwa nini, inabidi ukae, wakuzoee, wakuite ngomani. Tunaita karatasi ya maswali dodoso, na kudodosa ni kuuliza kidogo kidogo, kwa subira. Swantz alidodosa kwa maana hiyo kamili.

Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikwenda mbali zaidi: wanakijiji wawe watafiti wenza, washiriki kuchambua majibu na kuamua la kufanya. Hakuwa peke yake. Paulo Freire wa Brazil alizuru Tanzania mwaka 1971, na Budd Hall, aliyekuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, akawa miongoni mwa walioipeleka fikra hiyo duniani kwa jina la utafiti shirikishi. Mwaka 1975 ukaanza mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, ukiwaunganisha watafiti wa Kifini, wa Kitanzania na wanavijiji wenyewe. Njia inayofundishwa leo vyuoni kwingi ilikomaa hapa, kwenye mikeka ya Pwani. Ni wanafunzi wangapi wa Dar es Salaam wanaoambiwa hivyo?

Siidharau hesabu. Milipuko ya mabomu ya kambi ya jeshi, Februari 16, 2011, ilitufundisha hapa Gongo la Mboto thamani ya nyumba yako kuwamo kwenye orodha ya walioathirika. Na tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa, mitaro na mahali maji yanapotuama, mtaa kwa mtaa. Mwenye kuijua mitaro ni yule ambaye maji yamemwingilia chumbani, na safari hii aliulizwa.

Mimi mwenyewe nimejibu hojaji za wanafunzi mara tatu. Walikuwa vijana wenye adabu. Waliamkia, walikaa, waliandika, waliaga. Ripoti sijaiona hata moja. Jirani yangu siku hizi akiona daftari na kalamu hufunga geti, na simlaumu.

Basi kwenu mnaojiandaa kwenda uwandani: mkimaliza kuandika, rudini. Pelekeni nakala ya Kiswahili, kurasa mbili tu, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na mwombeni mwenyekiti aisome mkutanoni mbele ya watu mliowauliza.