Akiba Huoza: Magunia ya Mahindi na Wageni wa Krismasi



Majuma haya simu zinapigwa kutoka Nairobi, Mombasa na Nakuru: "Mama, tunakuja na watoto wote." Wewe uliye ushago unafurahi, kisha unageuka kuyatazama magunia yaliyopangwa kwenye kona ya chumba na kuanza hesabu. Leo tuongee juu ya magunia hayo, na jinsi yalivyofika chumbani. Zamani mahali pake hapakuwa humo.

Boma la Wakikuyu lilikuwa na ikũmbĩ, la Waluo lilikuwa na dero. Ghala hilo lilifumwa kwa fito kama kikapu kikubwa, likasimamishwa nje juu ya miguu ya mbao, likafunikwa kwa paa la nyasi. Upepo ulipita chini yake na katikati ya fito. Tena lilikuwa la mwanamke. Penye wake wengi kila mmoja alikuwa na lake, na ni yeye aliyejua kimebaki kiasi gani. Mume mwenye busara hakupeleka mkono humo! Nafaka kubwa ilikuwa wimbi na mtama, na wimbi lililokauka sawasawa hukaa miaka, kwa kuwa punje zake ni ndogo mno kwa wadudu wengi wa ghalani.

Wakati wa ukoloni mahindi yalichukua nafasi hiyo. Mwaka 1964 Kitale ikatoa mbegu chotara ya H611, na mavuno yakapanda. Lakini punje kubwa ni nyumba nzuri kwa mdudu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akatambuliwa Tabora, Tanzania, mdudu mgeni aliyetoka Amerika ya Kati. Mwaka 1983 alionekana Taveta, upande wetu. Watanzania walimwita dumuzi. Hapa kwetu wakulima wengi baadaye wakambatiza Osama. Huyu hali mahindi tu, hutoboa hata mbao. Ghala la fito na miguu ya miti likawa makao yake. Watu wakaanza kupukuchua mapema, kutia dawa ya unga na kufunga kwenye magunia. Wezi nao hawakulala, kwa hiyo gunia likaingia ndani ya nyumba, mahali ambapo mwenyewe analala nalo.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu walianza kugeuka macho ya manjano na kuvimba tumbo. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na 125 wakafariki. Hawakulishwa sumu na adui. Walikula mahindi yao wenyewe, yaliyoota ukungu unaotoa sumukuvu, ile ambayo redioni huitwa aflatoksini. Mavuno yalikuwa yamekutana na mvua isiyo ya msimu. Wachunguzi walipolinganisha nyumba zilizougua na zile zilizopona, waliona kwamba zilizougua ndizo hasa zilizoweka mahindi yakiwa na unyevu, na kuyaweka ndani ya nyumba badala ya ghalani. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Kuchagua punje zilizooza kunasaidia, lakini punje inaweza kuonekana safi na isiwe safi.

Tunasema akiba haiozi. Waulize watu wa Makueni.

Sisi wahubiri tunampenda sana Yusufu, na ni haki. Katika Mwanzo 41 aliweka sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba, akaigawanya katika miji, kila mji na nafaka ya mashamba yake. Ila tunasahau kwamba Misri ni nchi kavu ambayo mvua ni adimu. Nafaka yake ilikauka yenyewe. Wewe unayeishi Kisii au Murang'a, kabla ya kuhubiriwa kuweka akiba, hubiriwa kwanza kukausha.

Turudi kwenye Krismasi. Watu kumi na watano wakilala katika nyumba ya vyumba vitatu, magunia husukumwa ukutani na kulazwa sakafuni ili magodoro yapate nafasi. Jikoni mvuke haukomi. Gunia lililogusa udongo au ukuta huvuta unyevu. Hakuna atakayeligusa mpaka wageni waondoke, na kufikia hapo ukungu umeshapata siku kumi. Tafuta vipande vya mbao au mawe bapa, uyainue, uache nafasi ya mkono kupita nyuma. Ni miguu ile ile ya dero.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Tuseme kila mtu anakula gramu 400 za mahindi kwa siku, ugali na githeri pamoja. Watu 15 kwa siku 10 ni kilo 60, yaani theluthi mbili za gunia la kilo 90. Hapo hujafungia mtu yeyote zawadi ya kurudi nayo mjini, na unajua kwetu mgeni hatoki mikono mitupu. Gorogoro mbili kwa huyu, debe kwa yule, na gunia la pili limeshafunguliwa. Januari inakukuta na karo na mfuko mtupu.

Wazee walilitatua jambo hili bila kumnyima mgeni. Mahindi ya mbegu yalining'inizwa juu ya meko, ndani ya moshi, na hata mtoto alijua hayo si chakula. Leo mbegu tunanunua, kwa hiyo pesa ya mbegu imejificha ndani ya gunia, na gunia halina alama. Litie alama. Amua sasa, kabla ya basi la kwanza, lipi ni la wageni na zawadi zao, lipi haliguswi.

Lile lisiloguswa ndilo la kutia kwenye mfuko usiopitisha hewa. Mifuko ya PICS, yenye plastiki mbili ndani na gunia nje, ilianzia Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde. Watafiti wa huko walifanya kazi na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Ukiifunga vizuri hewa huisha na mdudu hufa bila dawa. Lakini ukiufungua kila jioni kuchota ya ugali, umemrudishia Osama pumzi. Na ukitia mahindi yenye unyevu, mfuko utautunza unyevu huo huo.

Kupima si kazi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi hadi theluthi moja na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie. Chumvi ikianguka chini yote, funga gunia lako. Ikishika kwenye kioo, tandika turubai, uyarudishe juani kesho asubuhi.