Konea si kioo

Jirani yangu mmoja hapa Kiseke ni fundi simu. Miwani yake ni ya hasi 9. Akiivua, lazima asogeze simu hadi karibu iguse pua ndipo aone anachokichokonoa. Jioni moja alikuja kwangu na karatasi aliyopewa kliniki ya macho.

"Shikamoo mwalimu. Nimechoka na miwani, nachanga hela niende Nairobi. Nasikia kuna mashine ya mwanga, inasugua kioo cha jicho kinakaa sawa. Ila hapa wameandika konea. Ndiyo kioo chenyewe?"

Nilimwitikia marahaba, nikamvutia kiti. Swali lake halikuwa la neno tupu. Mtu anayeamini jicho lake lina kioo atakubali kufanyiwa mambo ambayo angeyafikiria mara mbili kama angejua lina konea.

Konea ni utando angavu ulio mbele kabisa ya jicho. Majumbani wengi huita eneo lote jeusi mboni, lakini mboni ni tundu tu, liko nyuma ya konea, na ndilo linalopanuka gizani na kusinyaa juani. Wazee walikuwa na neno chamba, ule weupe unaolifunika jicho lililougua. Maana yake utando huu ulipata jina siku ulipoharibika. Ukiwa mzima hauonekani, na kisichoonekana hakuna anayehangaika kukiita. Baadaye wahudumu wa afya wakaleta kioo cha jicho, neno ambalo mgonjwa hulielewa papo hapo. Konea tumeitohoa kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kiliichukua kwenye Kilatini, kutoka neno lenye maana ya pembe. Waarabu nao huiita karnia, kutoka karni, pembe ile ile. Mfugaji wa Kisukuma hawezi kushangaa: pembe ya ng'ombe ikikwanguliwa ikawa nyembamba sana, hupitisha mwanga. Na pembe huota kwenye mnyama aliye hai.

Hapo ndipo kioo kinapotupoteza. Kwa fundi simu, kioo kikichafuka hupanguswa na kikipasuka hubadilishwa. Lakini nenda Mwaloni, pale Kirumba, ukanunue sato. Kabla hujamfunua mashavu unamtazama jicho. Likiwa angavu, ni wa leo. Likiwa na ukungu, amelala. Ukungu ule una sababu. Konea hukaa angavu kwa sababu safu ya seli zilizo upande wake wa ndani husukuma maji nje bila kupumzika. Kiumbe akifa, kazi hiyo inasimama, konea inafyonza maji, inavimba na kufifia. Kioo hakifanyi kazi ili kiwe angavu. Konea inafanya, tena bila mshipa hata mmoja wa damu: hewa huipata kupitia machozi, na chakula kutoka kwenye majimaji yaliyo nyuma yake. Mishipa ya fahamu, kinyume chake, imejaa tele, ndiyo maana chembe moja ya vumbi la barabara zetu humliza mtu mzima.

Kazi yake kubwa ni kupinda mwanga. Jicho zima lina nguvu ya takribani daiopta 60, kipimo kile kile cha namba za miwani, na kati ya hizo kama 43 hutoka kwenye konea. Zilizobaki ni za lenzi iliyo nyuma ya mboni. Ushahidi uko ziwani. Zamia, fumbua macho ndani ya maji: kila kitu kimevurugika. Konea na maji hupitisha mwanga kwa namna inayokaribiana mno, kwa hiyo chini ya maji nguvu yake karibu yote hupotea.

Sasa tuje kwenye hasi 9. Kutoona mbali huitwa kukali kuanzia hasi 6 hivi, na mara nyingi chanzo chake si konea. Ni urefu wa jicho. Jicho la kawaida la mtu mzima lina milimita kama 24 kutoka mbele hadi nyuma. La huyu kijana limepita hapo, hivyo mwanga hukutana kabla ya kuifikia retina, utando wa nyuma ya jicho unaoupokea. Leza, yaani ile mashine ya mwanga, haipunguzi urefu huo. Inaifanya konea iwe bapa zaidi katikati, ili mwanga ukutane mbali zaidi, pale retina ilipo.

Mwaka 1981 huko Marekani, Rangaswamy Srinivasan na wenzake katika kampuni ya IBM waligundua kuwa leza ya mwanga wa urujuanimno huondoa tishu tabaka kwa tabaka bila kuunguza kingo zake. Miaka michache baadaye ikaanza kutumika kwenye macho ya watu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ioannis Pallikaris wa Krete alikuwa amekwisha kuitumia katika mbinu inayoitwa lasiki: konea inakatwa kifuniko chembamba chenye bawaba, kinafunuliwa, leza inapita chini yake, kisha kinarudishwa.

Hapo tulichukua kalamu. Konea ina unene wa nusu milimita hivi, mikromita 540 kwa wastani. Kila daiopta moja inayorekebishwa kwenye eneo la kipenyo cha milimita 6 hula takribani mikromita 12. Kwa hasi 2 ni 24 tu. Kwa hasi 9 ni 108. Ongeza kifuniko, kama mikromita 110, ambacho hata kikirudishwa hakiibebi tena konea kama zamani.

Utando wa juu kabisa wa konea ukichubuka hujirudishia ndani ya siku chache. Nyama ya katikati, ambayo ni sehemu kubwa ya unene wote, ikiondolewa na leza haioti tena. Ikibaki nyembamba kupita kiasi, shinikizo la ndani ya jicho huweza kuisukuma itokeze mbele, na kuona kukaharibika kuliko mwanzo. Kwa hiyo madaktari huweka mpaka: chini ya kifuniko zisibaki pungufu ya mikromita 250, na wengi hutaka 300. Mishipa ya fahamu iliyokatwa huleta macho makavu kwa miezi kadhaa, na usiku taa za magari zinaweza kuonekana zimezungukwa na duara za mwanga. Hata baada ya kuvua miwani, jicho linabaki refu, na retina yake iliyovutika bado iko kwenye hatari ya kuachia. Uchunguzi haukomi.

Basi nomino tuliyo nayo inatosha, konea. Kasoro iko kwenye kitenzi. Kusugua ni kwa masufuria, na baada ya kusugua chombo kinabaki kile kile. Kuchoma si kweli, kwa maana leza hii haiunguzi. Mimi napendekeza kuchonga. Fundi wa mtumbwi wa gogo anajua kuwa kila kipande anachokitoa hakirudi, na kwamba ubao ukizidi wembamba, mtumbwi utapasukia majini. Tukisema kuchonga konea, tahadhari imo ndani ya neno.

Kijana aliichukua karatasi yake akaisogeza puani. Unene wa konea: 498. Akatoa 110, akatoa 108, kwenye kikokotoo cha simu ya mteja.

"280," akasema. Akanyamaza kidogo. "Mwalimu, nilikuwa nimepanga kuwauliza bei tu. Sasa nitaanza na hili: mkishachonga, zitabaki ngapi?"