Walioshuku biashara ya intaneti na gharama ya kuwahi

Tarehe 10 Machi mwaka 2000, kipimo cha bei za hisa cha Nasdaq nchini Marekani kilifunga kwa alama 5,048. Tarehe 9 Oktoba mwaka 2002 kilikuwa kimeporomoka hadi alama 1,114, na akiba za uzeeni za Wamarekani wengi zilikuwa zimeyeyuka.

Anguko hilo halikuwakuta wote usingizini. Wapo waliolitabiri mapema, na baadhi yao waliumia kabla halijafika.

Shaka yao ilianzia kwenye matangazo. Mwezi Oktoba mwaka 1994 tovuti ya HotWired ilionyesha mabango ya kibiashara, likiwemo la kampuni ya simu ya AT&T. Tangu hapo ikaaminika kuwa tovuti yenye wageni wengi ingeweza kuishi kwa kuuza nafasi za matangazo, kama yafanyavyo magazeti. Lakini kadiri mabango yalivyoongezeka, ndivyo wasomaji walivyoacha kuyabofya.

Aidha, watangazaji wengi walikuwa kampuni nyingine changa za intaneti, zilizolipa kwa fedha za wawekezaji, kwani faida hazikuwa nayo. Wawekezaji wakichoka, kisima kingekauka kwa wote.

Hasara ya kutangulia

Mwenye shaka kama hiyo huweza kukopa hisa, akaziuza, kisha akangoja bei ishuke ili azinunue tena, azirejeshe kwa mwenyewe na kubaki na tofauti. Hatari yake ni kubwa: bei ikizidi kupanda, hasara haina kikomo.

Mwaka 1999 mfuko wa mwekezaji mashuhuri George Soros ulipoteza mamia ya mamilioni ya dola kwa kubashiri kuwa hisa za intaneti zingeshuka. Ukageuza msimamo na kuzinunua. Soko lilipoanguka mwaka 2000, ukapata hasara tena. Naye Julian Robertson, aliyekataa kuzikimbilia hisa hizo huku wateja wake wakiondoa fedha zao, alitangaza kuufunga mfuko wa Tiger tarehe 30 Machi mwaka 2000, siku 20 tu baada ya kilele.

Aliyefaulu ni John Templeton, aliyekuwa na umri wa miaka 87. Alichagua hisa 84 zilizokuwa zimepanda mno, akaziuza kwa njia hiyo ya mkopo siku chache kabla ya kumalizika kwa muda ambao waanzilishi na wafanyakazi walizuiwa kuuza zao. Alitambua kuwa mlango ukifunguliwa, wenye kampuni wenyewe ndio wangekuwa wa kwanza kutoka. Alipata faida ya makumi ya mamilioni ya dola.

Shaka ilithibitika. Mapato ya Yahoo yalishuka kutoka dola bilioni 1.1 mwaka 2000 hadi milioni 717 mwaka uliofuata.

Hata hivyo, matangazo ya intaneti hayakufa. Google, iliyoanza mwaka 2000 kuyafungamanisha na maneno anayotafuta mtu, iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2004, na matangazo yakaifanya kuwa miongoni mwa kampuni tajiri zaidi duniani.

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Hawakusema itapasuka siku gani, na kwa kukosea siku hiyo, wenye shaka ya haki walipoteza mali.