Kabla ya Kisu, Uliza Nani Kamtahini



Siku hizi harusi ikikaribia, bibi harusi hasikii habari za singo, liwa na hina tu. Anaambiwa pia kuna daktari wa kupunguza tumbo, wa kunyoosha pua, wa kuondoa kovu. Simu inamletea picha za kabla na baada, na bei juu yake. Kisichotajwa ni jambo moja: daktari huyo katahiniwa na nani? Swali hili si geni kwa Waislamu.

Mwaka 931 Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad alipata habari ya mgonjwa aliyekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru asitibu mtu mpaka kwanza apimwe na Sinan bin Thabit, tabibu wake mkuu. Wanahistoria wanasema waliojitokeza katika mji ule mmoja walizidi 800. Aliyefaulu alipewa ruhusa ya kutibu yale anayoyaweza, si kila kitu. Yaani tangu wakati ule ilijulikana kwamba mtu anaweza kuwa tabibu mzuri wa homa na bado asifae kushika kisu.

Huku kwetu Afrika Mashariki, upasuaji wa kurekebisha maumbile haukuanzia kwenye urembo. Tazama Piyaya, kata ya wafugaji wa Kimasai wilayani Ngorongoro. Katika nchi ya mbali kama ile, mtoto akiungua moto au mchungaji akiraruliwa na mnyama, kupata hospitali ilikuwa shida kubwa. Hata Hospitali ya Wasso, upande wa Loliondo, ilianzishwa miaka ya 1960 tu, kwa juhudi za Herbert Watschinger, padri na daktari kutoka Austria.

Ni kwa ajili ya watu wa maeneo ya namna hiyo kwamba mwaka 1957 madaktari watatu walianzisha huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo ni Amref: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile. McIndoe alikuwa amepata sifa Uingereza kwa kuwatengeneza upya nyuso marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili, na Wood na Rees walijifunza kazi kwake. Hawakujipa jina la ubingwa wenyewe. Walikaa chini ya mwalimu miaka, wakatahiniwa, ndipo wakaaminiwa.

Marekani bodi ya kuwapima wapasuaji wa fani hii iliundwa mwaka 1937. Sisi tuna Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999, ambacho nacho hutahini wapasuaji wa fani hii. Kuwasajili madaktari Tanzania Bara ni kazi ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na Zanzibar ina baraza lake.

Hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya. Kusajiliwa kuwa daktari ni jambo moja. Kusajiliwa kuwa bingwa wa upasuaji huu ni jingine. Cheti cha kozi ya wiki mbili, hata kikiwa na fremu ya dhahabu ukutani, si hiki wala si kile.

Kwa upande wa dini, wanazuoni hutofautisha kuondoa madhara na kubadilisha umbo kwa kutafuta uzuri tu. Wanaoruhusu la kwanza hutaja kisa cha Arfaja, sahaba aliyekatwa pua vitani, ambaye Mtume (SAW) alimwambia atumie pua ya dhahabu. Kwa haja yako wewe, muulize mwanachuoni unayemwamini. Na imepokewa pia kuwa anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo, ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta.

Basi dada yangu, kabla hujalipa amana, uliza haya: Umesajiliwa na baraza gani, na kwa namba ipi? Ubingwa wako ni wa fani gani, na nani alikutahini? Nani atanilaza usingizi, na nikizidiwa usiku nitapelekwa hospitali gani? Kisha ile namba ihakikishe wewe mwenyewe barazani. Daktari wa kweli hakasiriki kuulizwa. Akikasirika, chukua mkoba wako uondoke, hata kama harusi ni mwezi ujao.