Redio za Maharamia na Sauti Kutoka Ng'ambo

Leo naweka programu kando, tuzungumze redio. Hapa Kakamega hatuna bahari, lakini kisa hiki cha meli kinatuhusu.

Mwaka 1964 sheria ya Uingereza iliiruhusu BBC peke yake kutangaza nchini humo. Ronan O'Rahilly, kijana kutoka Ireland, akafunga mitambo kwenye meli na kutia nanga nje ya maili 3 za pwani, pale sheria ilipokoma. Ikazaliwa Radio Caroline, na vijana wakapata muziki wao kutwa nzima. Agosti 1967 sheria mpya ikaziba mwanya huo. Mwezi uliofuata BBC ikaanzisha Radio 1, na aliyeifungua ni Tony Blackburn, mtangazaji wa zamani wa meli hizo!

Sisi je? Hatukuwa na meli, ila mbinu tuliiona. Mwaka 1954, Kenya ikiwa chini ya Hali ya Hatari, Redio Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili ya kuwapinga wakoloni. Masafa mafupi hugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini maelfu ya kilomita mbali, kwa hiyo mtambo haukuwa mahali ambapo gavana wa Nairobi angeweza kuuzima.

Kweli, Cairo nayo ilikuwa sauti ya serikali. Na baada ya uhuru serikali yetu nayo iling'ang'ania mitambo. Capital FM ilisikika Nairobi mwaka 1996 tu.

Ninapoweka tovuti kwenye seva ya ng'ambo, huikumbuka meli ile. Ukiwaziba watu midomo nchi kavu, watasemea majini.

Au wewe waonaje, ndugu msomaji?